Nilivyojifunza Kusema Mbele ya Watu wa Meno

Tangu nistaafu, vijana wa maabara hunipigia simu, na mwanzoni nilidhani wataniuliza habari za meno. Hawaniulizi. Meno wanayajua, na mashine walizo nazo zinayajua zaidi. Wanachouliza ni kimoja: "Mama, chama kimeniweka kwenye ratiba ya kongamano. Nitasemaje mbele ya watu wote wale?" Mmoja aliniambia ni afadhali ang'olewe jino bila ganzi. Nimechoka kurudia jibu lilelile kwenye simu, kwa hiyo naliandika hapa. Vyeo na mishahara nimeviruka. Vyote vilikuja vikichelewa, na hakuna kilichonifundisha kitu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza meno bandia. Daktari huchukua umbo la kinywa cha mgonjwa kwa kitu laini kama unga uliokandwa, halafu hulituma maabara. Sisi mafundi tunamwaga plasta humo, tunapanga meno juu ya nta, tunayapika, tunayasugua hadi yang'ae, kisha tunayarudisha kwa daktari. Mgonjwa hamjui fundi, na fundi hamjui mgonjwa. Nimewahi kusimama benki nyuma ya mtu nikatambua meno yangu alipocheka na karani, na sikuweza kumsalimia. Ningemwambia nini?

Nilianzia kwa Bwana Surinder, katika maabara iliyokuwa juu ya duka la vitambaa katikati ya jiji. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi hadi likasimama lenyewe. Alilitazama kwa heshima.

"Koti zuri sana," akasema. "Litundike pale lisichafuke."

Akanipa aproni yenye madoa ya rangi zote, akanionyesha ndoo ya plasta. Wiki zangu za mwanzo zote ziliishia kwenye ndoo ile. Nilikoroga kwa nguvu nikitaka aone bidii yangu, na kila umbo lilitoka na vitundu vya hewa. Alinivumilia kwa muda, halafu akaja akasimama kando yangu.

"Mwende, hii ni plasta, si ugali. Usipigane nayo."

Bwana Surinder alikuwa Singasinga mwenye ndevu zilizofungwa vizuri na mikono mipole kuliko mikono yoyote niliyowahi kuona. Alizaliwa Nairobi, Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, na alikuwa na tabia moja ambayo sikuielewa kwa miaka. Kila seti ya meno ilipokaribia kwisha aliishika kwenye mwanga wa dirisha na kuuliza, "Huyu anaongea aje?" Hakuna aliyejua. Daktari alikuwa ameandika rangi ya meno na ukubwa wake tu. Chini barabarani wachuuzi walikuwa wakiita, "Soksi! Soksi safi!" naye alikuwa akisema, "Sikia huyo. Huyo ana meno yake." Mimi niliona ni mzaha wa mzee. Nilikuwa na haraka ya kujifunza kazi.

Kazi yenyewe ilikuja kunifundisha kwa mkono wa Mwalimu Wafula.

Mwalimu Wafula alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi upande wa Kangemi, si mbali na kwangu Mountain View, ingawa hatukuwa tumekutana. Alipopoteza meno yote ya juu, alikwenda kwa Daktari Zubeda, aliyekuwa na kliniki karibu na Adams Arcade, na umbo lake likaletwa kwetu. Nilimtengenezea seti niliyoionea fahari. Ilirudi na kikaratasi: "Inapiga mluzi." Nikairekebisha. Ikarudi. Nikairekebisha tena, na safari hii Daktari Zubeda akapiga simu.

"Mwende, njoo wewe mwenyewe. Mimi nimeshindwa, na huyu mwalimu wa watu anaona haya hata kusalimia."

Bwana Surinder alinivua aproni kwa mikono yake mwenyewe. "Enda," akasema. "Ukamsikie."

Nilimkuta mtu mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Nikamuuliza habari za asubuhi.

"Salama," alisema, na ile S ikatoka na mluzi mwembamba, kama birika linaloanza kuchemka.

Alinieleza kwa shida. Kwenye gwaride la asubuhi alikuwa ametangaza safari ya darasa la sita, na watoto walicheka mpaka mwalimu mkuu naye akageuza uso. Tangu siku hiyo jina lake lilikuwa Filimbi. Alikuwa ameomba apewe kazi ya kutunza stoo ya vitabu. Kanisani alikuwa ameacha kusoma somo.

"Soma, sema, sikiliza," aliniambia. "Hayo ndiyo masomo yangu, fundi. Nitafundisha nini bila hizo S?"

Vitabu vya chuoni vilitufunza kwamba ukitaka kujaribu meno mapya, mwambie mgonjwa ahesabu kwa Kiingereza kuanzia sitini, maana namba hizo zimejaa S. Nikamwambia ahesabu. Akahesabu polepole, ulimi ukiwa macho, na hakupiga mluzi hata mmoja.

"Kwa Kiingereza sina shida," akasema. "Lakini nani anaishi kwa Kiingereza?"

"Basi sema kitu chako mwenyewe. Kitu chenye S nyingi."

Akafikiri kidogo, kama anayetunga mtihani. "Sisi sote tulisimama sokoni saa sita."

Mluzi ulitoka kwenye kila S. Daktari Zubeda akageuka kutazama dirisha.

Tuliitoa ile seti, tukaikausha, nikainyunyizia unga laini mweupe upande wa kaakaa. Akaivaa kwa uangalifu, akasema "sa" mara moja tu, tukaitoa tena. Pale ulimi ulipogusa, unga ulikuwa umefutika, na katikati kulikuwa kumebaki mfereji mwembamba ambao pumzi yote ilikuwa ikipenya kwa nguvu. Nilikuwa nimemjengea kaakaa refu kama paa la kanisa, na ulimi wake ulijikunja kulifikia. Nikawasha taa ya spiriti, nikayeyusha nta, nikaidondosha katikati kidogo kidogo. Kila nilipoongeza, alirudia soko lake. Mluzi ukashuka ukawa pumzi, kisha ukapotea.

Halafu akairudia sentensi ile peke yake, kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu watoto wake wamefika nyumbani wote.

Hakuondoka. Alikaa mpaka kliniki ikafungwa kwa chakula cha mchana, akitutungia sentensi nyingine. Ya SH ilikuwa na shangazi aliyeshusha shuka. Nami nikajaribu ya F na V, nikasema, "Fundi amefua viatu."

"Viatu havifuliwi," alinisahihisha. "Huoshwa."

Tangu siku hiyo nilizitumia sentensi zake kwa kila mgonjwa niliyeruhusiwa kumwona. Zilinipa sifa, na mara moja zikaniaibisha. Kuna mzee mmoja kutoka upande wa ziwa ambaye SH yake haikukubali kutoka. Shamba lilikuwa "samba", shule ilikuwa "sule". Nilikwangua, nikaongeza nta, nikakwangua tena, hadi mkewe akaweka kikapu chini.

"Madam, unatafuta nini humo? Huyu amesema samba tangu aje kunichumbia."

Sikucheka sana. Mimi ni Mkamba wa Kitui. R na L zimenichezea tangu utotoni, na hakuna meno yatakayonisaidia. Lakini nilijifunza kuuliza kwanza: huyu alisemaje kabla meno hayajang'oka? Lengo ni kumrudishia mtu sauti yake, si kumpa ya mtangazaji wa redio.

Daktari Zubeda ndiye aliyeanzisha balaa la makongamano. "Haya mambo yako hayamo kwenye kitabu chochote nilichosoma," akasema. "Uyatoe kwenye kongamano la mwaka." Nikakataa. Sisi mafundi tulikwenda kongamanoni kusikiliza. Nikamkimbilia Bwana Surinder anitetee.

"Mimi miaka yote nakaa mstari wa nyuma nikila sambusa," akasema. "Sambusa ni nzuri, lakini zinafanana. Enda."

Nilikwenda, na sasa nawaeleza jinsi isivyofanywa. Niliandika kwa Kiingereza kizito. Niliondoa kila neno lenye R niliyoiogopa, na yaliyobaki hayakuwa na maana kubwa. Kongamano lilikuwa katika hoteli mjini, na nilipewa kipindi cha baada ya chakula cha mchana, ambacho hupewa wageni wa kazi hii kwa sababu wenyeji wanakijua. Mwenyekiti alinikaribisha kama "Bwana Mwende". Niliposimama, alisoma karatasi yake upya, na hakuomba radhi. Nikainamisha kichwa nikasoma kurasa zangu zote bila kuinua macho. Kwenye mstari wa mbele mtu mmoja alikuwa akikoroma, na nikiwa kule juu nilijikuta nikiwaza kwamba seti yake ya chini imelegea. Nilipomaliza, mwenyekiti aliomba maswali. Kulikuwa na moja. Kijana aliuliza chai inatolewa upande gani.

Nilimkuta Bwana Surinder kwenye ngazi za hoteli. Nilikuwa nimeshaamua kwamba sitarudi tena, na nikamwambia hivyo.

"Umesoma vizuri," akasema. "Sasa mwakani, ongea."

Nilikasirika siku mbili tatu. Halafu nikaenda kumwona mtu pekee niliyemjua ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu wasiotaka kusikiliza.

Mwalimu Wafula alikuwa amerudi darasani. Alinipokea sebuleni kwake Kangemi, mkewe Mama Nekesa akichambua maharagwe kando, na akaniambia nisome hotuba yangu ya mwaka uliopita. Sikufika mbali.

"Fundi, unamsomea nani?"

"Wajumbe."

"Mimi nimesikia unaisomea karatasi." Akaichukua, akaikunja, akampa Mama Nekesa aweke chini ya sufuria. "Darasa likishashiba halisikilizi. Lifanyishe kazi. Jambo ambalo mtoto anaweza kulifanya, usimsimulie."

Tulifanya mazoezi pale sebuleni Jumamosi nyingi. Nilisema kwa Kiswahili, na Kiingereza kilipojileta chenyewe, kama kinavyojileta kwetu sote, nilikiacha kipite. Mama Nekesa ndiye aliyekuwa hakimu. Akilegea kuchambua, nilijua nimemshika. Akiongeza kasi, nilijua nimempoteza. Na ilikuwa ni Mwalimu mwenyewe aliyejitolea kuja nami. Alisema atavaa ile seti ya kwanza ya mluzi, niliyoibandua nta baada ya kuinakili katika seti mpya, aseme sentensi yake, kisha avae ile nzuri. Watu wasikie wenyewe.

Asubuhi ya kongamano nilimkuta kwenye korido nje ya ukumbi, suti yake ya kanisani mwilini, kiganja kikiwa mbele ya mdomo kama siku ile ya kwanza. Hakuwa amevaa seti mbaya. Ilikuwa mfukoni, ndani ya leso.

"Sikulala vizuri," akasema. "Niliwasikia wale watoto tena."

Nilikuwa nimejenga hotuba nzima juu yake. Bila yeye nilikuwa na nta, unga, na picha tatu zisizoonekana vizuri. Lakini nilimtazama ule mkono.

"Mwalimu, kaa na Bwana Surinder kule nyuma," nikamwambia. "Kuna sambusa. Mimi nitajua la kufanya."

Sikujua la kufanya. Nilipanda, nikasalimia, nikaanza na yule mzee wa samba, na watu wakacheka vizuri. Nikaeleza mluzi. Nikaeleza mfereji wa kwenye kaakaa. Nikafika pale ambapo ningesema "sasa sikilizeni", na sikuwa na cha kuwasikilizisha. Nikanywa maji, nikarudia jambo nililokwisha kusema. Mtu mmoja akaangalia simu yake.

Ndipo nikamwona Mwalimu Wafula akija katikati ya viti, mrefu, hana haraka, akipenyeza kitu mdomoni nyuma ya leso. Alipanda jukwaani bila kuitwa. Akanipokonya kipaza sauti kwa adabu.

"Sisi sote tulisimama sokoni saa sita."

Ule mluzi ulipita kwenye spika ukaujaza ukumbi. Wakacheka. Madaktari, mafundi, wauzaji wa vifaa, wote. Yeye akafunga mikono nyuma, akasimama akiwatazama, kama anavyosimama mwalimu ambaye ana muda wa kutosha. Kicheko kikapungua, kikawa kikohozi hapa na pale, kikaisha.

"Asanteni," akasema, na hata hiyo ikapiga mluzi. "Shuleni kwangu pia walicheka hivyo."

Akatugeuzia mgongo, akabadilisha meno nyuma ya leso, akageuka. "Sisi sote tulisimama sokoni saa sita." Kila S ilikuwa safi. Akawaruhusu waipime kwa masikio yao, kisha akapaza sauti.

"Sasa nanyi. Mkono mbele ya mdomo, kila mtu asikie pumzi yake inapotokea. Moja, mbili."

Na watu wenye shahada za kila namna wakainua mikono yao wakasema walisimama sokoni saa sita.

"Mstari wa nyuma, sijawasikia."

Mstari wa nyuma ukarudia. Bwana Surinder alikuwa miongoni mwao, na sauti yake ndiyo iliyosikika zaidi.

Wakati wa maswali, daktari mmoja kutoka Garissa alisimama. Wagonjwa wake wengi ni wazee wanaozungumza Kisomali tu, akasema. Awape sentensi gani? Nikamwambia ukweli.

"Sijui, Daktari. Sijui Kisomali. Wewe mwenyewe, mama yako alikuwa akisema sentensi gani kila siku?"

Akafikiri, akacheka, akaisema, na alipoulizwa maana yake alieleza kwamba ni ya kuwafukuza mbuzi jikoni. Fundi kutoka Kisumu akatoa ya Kijaluo. Mwingine akatoa ya Kikuyu, akabishana na jirani yake kuhusu matamshi. Bwana Surinder, ambaye hakuwahi kufungua kinywa kongamanoni isipokuwa kwa kula, akasimama akasema kwa Kipunjabi maneno ambayo mama yake alimwamshia kwenda shule. Mwenyekiti aligonga meza mara kadhaa kisha akaacha, akatutungia naye ya Kimeru. Chai ilipoa, na hakuna aliyeuliza inatolewa upande gani.

Baada ya hapo nilialikwa mara nyingi: Mombasa, Eldoret, Kisumu, na nchi jirani pia. Mengi niliyojifunza huko ni madogo, nayo ndiyo yanayookoa. Fika mapema ukazoeane na fundi mitambo, umjue jina, kwa maana yeye ndiye bwana wa kipaza sauti. Beba waya wako wa umeme. Usivae viatu vipya. Ukipewa kipindi cha baada ya chakula, kipokee, na uwasimamishe watu mara tu unapoanza. Ukisahau, sema umesahau. Watu hukupenda zaidi. Na R yangu nikaiacha iende ilikotaka. Nilipoingia Kisumu nikasema "mfeleji", mtu mmoja kwenye mstari wa mbele akaniuliza kwa upole nilikuwa nikisemaje kabla meno hayajang'oka, na ukumbi mzima ukanichekea. Nilistahili.

Bwana Surinder alifunga maabara ya mjini, akaniachia meza na visu vyake vya nta, nami nikahamia Ngong Road. Alikuja kunisikiliza kila nilipozungumza Nairobi, hadi miguu ilipokataa, na hata baada ya hapo binti yake alikuwa akimwekea simu sikioni. Mwalimu Wafula alifundisha hadi akastaafu kwa wakati wake. Sasa yuko Bungoma na mahindi yake, hunitumia ujumbe mrefu wa sauti, na bado husahihisha sarufi yangu.

Kongamano langu la mwisho kabla ya kustaafu sikuzungumza. Nilikaa nikamsikiliza kijana anayeitwa Kevin akionyesha meno yanayochapwa na mashine: hakuna plasta, hakuna nta, kompyuta inachora na asubuhi seti iko tayari. Ilikuwa nzuri sana, nami nilimsikiliza kwa wivu kidogo. Nikainua mkono.

"Hiyo mashine inajua mgonjwa anaongea aje?"

Kevin akatafakari. "Hapo hatujafika, mama. Uko free Alhamisi?"

Ndiyo maana, nikiwa nimestaafu, siku za Alhamisi hunikuti nyumbani. Wiki iliyopita tulikuwa na bibi mmoja wa Mwingi, mgonjwa wa kwanza kupewa seti ya mashine ile. Alikuwa mkavu wa mwili na mkali wa macho, na Kikamba ndicho alichokitaka. Mkaza mwanawe alitueleza kwamba tangu meno yamtoke ameacha kuwaita wajukuu kwa majina. Kila mmoja sasa ni "wewe". Seti ikakaa vizuri. Kevin akaniomba nimpe bibi sentensi ya soko, nikamtafsiria.

"Mimi na soko tuliachana zamani," akanijibu kwa Kikamba. "Mbona niyaanzishe meno mapya kwa uongo?"

"Basi sema unalotaka mwenyewe, mwaitu," nikamwambia, kama ninavyomwita mama yangu.

Akaupitisha ulimi nyuma ya meno, akilipima lile kaakaa. Kisha akaanza, jina moja moja, bila haraka.

"Musyoka. Kasyoka. Mutisya." Akavuta pumzi, na la mwisho akalitoa kwa nguvu. "Syombua."

Mlango ukafunguliwa. Mjukuu wake wa kike aliyekuwa akisubiri nje aliingia, simu mkononi, akiwa na wasiwasi kidogo.

"Naam, susu? Umeniita?"

Bibi akamnyooshea mkono.

"Eeh," akasema. "Nimekuita."